Mahali pa Kukatia Chombo

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilidondoka kutoka angani ikaangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Kipenyo chake kilikuwa meta 2.5 hivi, uzito wake karibu kilo 500. Uchunguzi wa awali wa Shirika la Anga za Juu la Kenya ulisema ni pete ya kutenganishia, kifaa kinachofunga kipande kimoja cha roketi na kingine mpaka wakati wao wa kuachana ufike. Nusu tani ya chuma, na kazi yake yote ni kushika, halafu kuachia.

Ukitazama michoro ya vyombo vya anga vya kubuni vinavyogawanyika, vya filamu, vya vitabu na vya michezo ya kompyuta, nusu tani hiyo huioni. Utaona mstari mwembamba ubavuni mwa chombo, kisha mchoro wa pili ambamo vipande vimeshaachana na kila kimoja kinakwenda zake. Yaliyotokea kati ya mchoro ule na huu yameachwa. Nadhani vyombo vingi vya aina hii huharibikia hapo: mbunifu kachora umbo linalopendeza, kisha ndiyo anatafuta mahali pa kulikata. Kazi ingeanza kwenye maungio, na ingeanza na swali moja la kikorofi: kama kila kipande kinaweza kuishi peke yake, kwa nini visiwe vyombo viwili tangu mwanzo?

Swali hilo limevitoa jasho vyombo mashuhuri, na kilicho mashuhuri kuliko vyote ni Enterprise ya Star Trek. Ile ya kwanza, iliyobuniwa na Matt Jefferies na kuonekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, ilikuwa na sahani ya duara mbele, mwili mwembamba chini yake, na injini mbili ndefu zilizonyanyuliwa kwa mihimili. Wazo la kuukata mwili ule lilikuwepo tangu wakati huo. Katika kipindi kimoja cha 1967, nahodha Kirk anamwambia fundi wake mkuu kwamba ikibidi azitupe injini na aondoke na sehemu kuu ya chombo. Lakini mtazamaji hakuonyeshwa sahani ikitengana. Ilibidi angoje miaka 20, hadi Andrew Probert alipobuni Enterprise mpya kwa ajili ya mfululizo wa The Next Generation, ulioanza Septemba 1987.

Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri. Ndani ya chombo wanaishi watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wake, waume na watoto wa wafanyakazi. Hatari ikija, familia zinabaki kwenye sahani na kuondolewa. Sehemu ya nyuma, yenye injini kubwa na chumba chake cha kuongozea vita, inageuka kumkabili adui. Kipindi cha kwanza kabisa kilifanya hivyo kwa mbwembwe zote, muziki ukipanda. Halafu? Katika misimu 7 sahani ilitenganishwa katika visa vitatu tu, na cha nne kikawa katika filamu ya Generations ya mwaka 1994. Mara nyingine zote nahodha Picard aliingia kwenye hatari akiwa na shule nzima ya watoto ghorofa chache chini ya kiti chake.

Sababu za studio zinaeleweka. Modeli kubwa ya futi 6 iliyotengenezwa na kampuni ya ILM ndiyo iliyoweza kuachana, nayo ilikuwa nzito na ya taabu kuipiga picha. Modeli ya futi 4 iliyofuata, iliyokuja kutumika zaidi, ilikuwa kipande kimoja. Waandishi nao walikuwa na dakika 45 hivi za kusimulia kisa chao, na kuigawa meli, kuhamisha watu na kuiunganisha tena kulizila dakika hizo bila kusogeza kisa mbele. Hata hivyo naona tatizo lilikuwa ndani ya chombo chenyewe. Sahani ile haina injini ya kupita kasi ya mwanga. Inazo injini za mwendo wa chini tu, na kwa mwendo huo kutoka nyota moja hadi nyingine ni safari ya miaka. Kuwaacha watoto humo katikati ya nyota si kuwaweka mahali salama. Kipindi cha kwanza kilijikwaa papo hapo: sahani inaachwa chombo kikiwa katika kasi kubwa mno, na muda mfupi baadaye inafika kwenye sayari iliyokusudiwa kana kwamba ilipewa lifti.

Mara mbili tu mgawanyiko ule ulipata uzito. Ya kwanza ni mwaka 1990, katika sehemu ya pili ya kisa cha The Best of Both Worlds. Adui amemteka Picard na kuyachota yote aliyoyajua, basi kaimu wake, Riker, anaitumia sahani kinyume cha matarajio: ile iliyojengwa ili ikimbie ndiyo inayotangulia kuvuta macho ya adui, huku chombo kidogo kikipenya kwenda kumwokoa nahodha. Ya pili ni katika Generations. Injini inakaribia kulipuka, watu wanakimbizwa kwenye sahani, watoto wanabebwa, milango inafungwa, vipande vinaachana, kisha sehemu ya nyuma inalipuka na wimbi lake linaisukuma sahani hadi inaanguka na kulima msitu wa sayari ya Veridian III. Hapa hakuna kuunganisha tena. Chombo kimekwisha, watu wamepona, na mtazamaji ameelewa kwa nini mstari ule ulikuwepo miaka 7 yote.

Wahandisi wa kweli walilijibu swali la kikorofi mapema zaidi, na jibu lao ni katili kidogo. Konstantin Tsiolkovsky alichapisha mlinganyo wa roketi mwaka 1903. Kwa lugha ya kawaida unasema hivi: kila kilo unayoipeleka mbali inadai mafuta, mafuta hayo yana uzito, na uzito huo unadai mafuta mengine tena, mpaka tangi linakuwa ndiyo roketi yenyewe. Njia ya kutokea ni kulitupa kila tangi likishakauka. Roketi ya Scout, iliyoirusha satelaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na vipande vinne vilivyowaka kwa zamu, kila kimoja kikitupwa baada ya kumaliza kazi. Saturn V ya safari za mwezini ilisimama urefu wa meta 110 na uzito wa karibu tani 2,900 ilipokuwa imejaa. Kilichorudi duniani ni kapsuli ya chini ya tani 6.

Katika safari hizo za mwezini, za mradi wa Apollo, ndipo tunapoona mgawanyiko uliobuniwa kwa akili kuliko wowote ninaoujua, wa kweli au wa hadithini. Mhandisi wa NASA John Houbolt alipigania kwa miaka wazo kwamba chombo kizima kisitue mwezini. Kitue kijidude kidogo tu, kingine kibaki kwenye obiti kikisubiri. Mwaka 1962 NASA ilikubali. Kuanzia hapo kila kipande kikanyimwa kitu. Kile cha kutua hakikuhitaji ngao ya joto wala umbo la kupasua hewa, kwa sababu kisingekutana na hewa maishani mwake, hivyo kuta zake zikawa nyembamba ajabu na sura yake ikawa ya kiroja. Kapsuli nayo haikuhitaji miguu. Hata kile cha kutua chenyewe kilikuwa viwili: nusu ya chini iliachwa mwezini, ikawa uwanja wa kurukia wa nusu ya juu. Kwa nini visiwe vyombo viwili tangu mwanzo? Kwa sababu hakuna hata kimoja kilichokuwa kizima. Kipande kilichonyimwa kitu muhimu ndicho kinachostahili maungio, na mbunifu akishindwa kutaja kila kipande kimenyimwa nini, mstari wake ni pambo.

Kwa kipimo hicho, Nostromo ya filamu ya Alien (1979) inapita bila shida. Ni kichwa na trela, kama yale malori yanayopanga foleni Tunduma: kichwa ni ghali na hakipaswi kulala, trela ni mzigo na linaweza kungoja. Nostromo inakokota kiwanda cha kusafishia madini chenye tani milioni 20 za mzigo, wafanyakazi wake ni 7 tu, na inapobidi kutua inakiacha kiwanda kwenye obiti na kushuka peke yake. Hakuna anayelieleza jambo hilo kwa hotuba. Ukiwaona wafanyakazi wenyewe wanavyolalamikia malipo yao, unaamini kwamba chombo hiki kilibuniwa na mhasibu.

Upande wa kubadilisha mzigo, Waingereza walikuwa mabingwa. Thunderbird 2, ya mfululizo wa vikaragosi wa 1965 ambao vyombo vyake vilibuniwa na Derek Meddings, ilikuwa na tumbo la kutolewa na matumbo 6 ya kuchagua, kila moja na mitambo yake ya uokoaji. Eagle ya Space: 1999, aliyoibuni Brian Johnson kwa ajili ya mfululizo ulioanza 1975, ilikuwa kiunzi cha mabomba kilichoachwa wazi, na katikati yake nafasi ya kubandika moduli ya abiria au ya mzigo. Naipenda Eagle kwa sababu hiyo hasa: haikuficha maungio yake. Mtazamaji aliona pa kushika na pa kuachia kabla ya kuambiwa lolote.

Sababu nyingine nzuri ya kugawa chombo ni hatari. Discovery ya filamu iitwayo 2001, ya mwaka 1968, haigawanyiki, lakini ina kitu ambacho mbunifu angekiiba bila aibu: uti wa mgongo mrefu unaotenga chumba cha watu na injini za nyuklia. Mionzi hupungua kadiri umbali unavyozidi, hivyo urefu wenyewe ni kinga. Chombo cha namna hiyo tayari kina kiuno, na kiuno ndiko kisu kinakotaka kwenda.

Sasa itazame Prometheus, meli iliyoonekana mwaka 1998 katika Star Trek: Voyager. Inagawanyika vipande vitatu, kila kimoja kina injini zake za kupita kasi ya mwanga na silaha zake. Kila kimoja ni kizima! Hakuna kilichonyimwa kitu, basi ni vyombo vitatu vilivyosafiri vimegandana, na sioni vilichofaidi kwa kugandana huko. Wajapani, katika katuni za mfano wa Getter Robo ya 1974 ambamo ndege tatu zinaungana kuwa jitu, hawakujisumbua hata kutafuta sababu ya kihandisi. Raha ya kubandua na kubandika mkononi mwa mtoto ni sababu halali, mradi mtu asiivalishe joho la mkakati wa vita.

Tuseme sababu ipo. Bado chombo hakijakatika. Maungio hupitisha umeme, maji, hewa, mawasiliano, na pengine njia ya watu kupita, na vyote hivyo lazima vikatwe ndani ya sekunde chache bila kimoja kubaki. Kapsuli ya Apollo ilifungwa na moduli ya huduma kwa vifungo vya chuma na kifungu kinene cha nyaya na mabomba; wakati wa kuachana, kisu kilichosukumwa na baruti kilikikata kifungu hicho kizima. Waandishi wa hadithi huandika neno moja, "tenganisha", na jambo limekwisha. Historia ya vyombo vya Kirusi inaonyesha ni kwa nini neno hilo linastahili kurasa kadhaa.

Yuri Gagarin, tarehe 12 Aprili 1961, aliporudi akiwa mtu wa kwanza kufika anga za juu, moduli ya vifaa iligoma kumwachia: nyaya zilibaki zimeshikilia, vipande viwili vikawa vinazunguka kwa pamoja mpaka joto la hewa lilipoziunguza. Januari 1969 ikawa zamu ya Boris Volynov katika Soyuz 5. Moduli ya huduma haikuachia, chombo kikaingia kwenye hewa kikitanguliza upande usio na ngao ya joto, na mpira wa kuzibia mlango ukaanza kutoa moshi ndani. Kilichomwokoa ni kwamba mihimili ilikatika kabla ya ukuta kutoboka. Chombo kikajigeuza kikakaa sawa. Alitua kwa kishindo kilichomvunja meno. Hitilafu ya jamii hiyo ilijirudia kwenye Soyuz za 2007 na 2008, nusu karne baada ya anga kufunguliwa.

Ya Soyuz 11 ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu pale vipande viliachana. Tarehe 30 Juni 1971 Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wakirudi kutoka kituo cha Salyut. Baruti za maungio zilipaswa kulipuka kwa mpangilio. Zililipuka kwa pamoja, mtikisiko ukafungua vali ndogo ya kusawazisha hewa wakiwa bado kwenye kimo cha kilometa 168 hivi, na hewa yote ikatoka. Hawakuwa wamevaa suti za kinga, maana kapsuli haikuwa na nafasi ya watu watatu na suti zao. Chombo kilitua salama kabisa kikiwa na maiti. Baadaye Soyuz zikabeba watu wawili wenye suti, na ikachukua miaka kabla ya kiti cha tatu kurudi. Mwandishi anayetaka kuigawa meli yake angefaa kuijua vali hiyo.

Vipande vikishaachana, kila kimoja kina matatizo mapya ambayo mchoro hauyaonyeshi. Kitovu cha uzito kimehama, na injini isiyosukuma kupitia kitovu hicho inakizungusha chombo badala ya kukipeleka. Rejeta nazo: katika ombwe joto halina upepo wa kulibeba, hutoka kwa kumulika tu, basi kipande kilichobaki bila mabawa ya kumulikia joto kitawaoka watu wake hata kama kina hewa na chakula cha mwaka. Na kuna viwango. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya Apollo 13, watu watatu walihamia kwenye chombo cha kutulia kilichoandaliwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi, wakaishi humo karibu siku nne. Hewa chafu ya pumzi zao ikaanza kujaa. Vichujio vya akiba vilikuwepo, tena vingi, lakini vilikuwa vya kapsuli: vya mraba, na tundu za chombo cha kutulia zilikuwa za duara. Kampuni mbili, michoro miwili, na hakuna aliyehakikisha kwamba kipande kimoja kingeweza kuazima pumzi kwa kingine. Waliokolewa na mifuko ya plastiki, jalada la kitabu cha maelekezo na gundi ya utepe. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angethubutu kubuni kitu kama hicho; angeambiwa kimezidi.

Kuungana tena ni kugumu kuliko kuachana, na ndiko hadithi hupata faida kubwa. Maungio ya zamani yalikuwa na upande wa kuingia na upande wa kuingiwa, na vyombo viwili vyenye upande uleule havikuweza kukutana. Kwa safari ya pamoja ya Wamarekani na Wasovieti mwaka 1975, mhandisi Vladimir Syromyatnikov alishiriki kubuni maungio ambayo pande zote mbili zinafanana, yeyote akaweza kuwa mkaribishaji au mgeni. Chombo cha hadithi ambacho vipande vyake vinabadilishana nafasi kinahitaji maungio ya jamii hiyo, la sivyo mbunifu aseme wazi kipande gani hakiwezi kukutana na kipi, na afanye hilo kuwa kisa. Katika kipindi kile cha 1987, Picard anampima msaidizi wake mpya kwa kumwamuru airudishe sahani mahali pake kwa mkono, bila msaada wa kompyuta. Ni dakika chache tu, na kwangu ndizo dakika ambazo meli ile ilikuwa na uzito.

Filamu ya Interstellar ya mwaka 2014 iliyasoma haya yote. Chombo chake, Endurance, ni duara la moduli 12, linalozunguka ili watu wapate uzito, na vyombo vya kutulia vimepachikwa katikati. Mwanaanga mmoja, Dakta Mann, anajaribu kujipachika bila kufunga vizuri, analazimisha kufungua mlango, na mlipuko unalitia duara kasi ya kichaa. Baadaye chombo hakina tena nguvu ya kutoka kwenye mvuto wa shimo jeusi, basi vipande vinatumika kusukuma mpaka mafuta yaishe, kisha vinaachwa vianguke. Ni mlinganyo wa Tsiolkovsky ulioandikwa kwa watu, kwa sababu ndani ya kipande cha mwisho kinachotupwa yumo rubani mwenyewe, Cooper, na mwenzake aliyebaki juu hakuambiwa mpaka dakika ile.

Hapo ndipo mchoro unapogeuka orodha ya majina. Nani analala upande gani? Nani mwenye ufunguo wa kukata, na je, anahitaji ridhaa ya walio ng'ambo ya mstari? Mashua ya kuokolea ya Nostromo haiwezi kuchukua watu wanne, na sentensi hiyo moja ndiyo inayoamua nusu ya pili ya filamu. Enterprise ya Probert nayo iliweka hospitali yake kuu kwenye sahani, ghorofa ya 12, pamoja na familia. Maana yake, sehemu inayokwenda kupigana ndiyo inayoachana na hospitali, na kila atakayejeruhiwa huko ataitazama ikiondoka na madaktari, vitanda na dawa, kuelekea mahali ambako hakuna aliyeumia. Mwandishi aliyeisoma ramani hiyo vizuri angekuwa na kisa kizima mkononi kabla ya adui kufyatua hata risasi moja.